Magunia ishirini ya mchele kwa mkopo: nichukue au niache?

"Nina mgahawa hapa Buzuruga, Mwanza, unaingia mwaka wa nne. Tunauza sahani kama 130 kwa siku, siku sita kwa wiki, nyingi ni wali, na bei yetu ni 3,000. Kila alfajiri nampa mdogo wangu 250,000 aende sokoni. Vitu analeta, lakini risiti hana, na mwisho wa mwezi nikishalipa wafanyakazi sita na kodi ya pango nabaki na kitu kidogo sana. Shemeji yangu anasema kosa langu ni kununua rejareja. Amenipatia mfanyabiashara atakayeniuzia gunia la mchele la kilo 100 kwa 210,000 badala ya 230,000 ninayolipa sasa, ila nichukue magunia 20 kwa mkupuo, na anataka jibu kabla Machi haijaisha. Kikoba chetu kiko tayari kunikopesha milioni tatu kwa miezi mitatu, riba asilimia tano kwa mwezi. Inayopungua nitaitoa kwenye akiba ya ada ya watoto ya Julai. Wengine wananiambia niachane na wachuuzi niende mwenyewe mwaloni, kwenye soko la samaki la ziwani, na binamu yangu aliyeko kampuni kubwa Dar anasema kununua bila kupata bei za watu watatu ni kuibiwa. Nimechanganyikiwa. Nifanye lipi?"

Dada yangu, asante kwa kuweka hesabu wazi. Wengi huniandikia kwamba biashara "haiendi", wakaishia hapo, nikabaki napiga ramli. Kwako naona mgahawa wenye wateja na pesa inayoingia kila siku. Tatizo ni kwamba ikishaingia huoni inatokea mlango gani. Na kuna jambo hukuliandika ila limejaa katikati ya mistari yako: unaogopa kwamba mdogo wako anakula pesa yako, na unaogopa zaidi kumuuliza. Nitalifikia. Tuanze na magunia, maana hayo ndiyo yenye tarehe.

Nimekisia kwamba kati ya sahani zako 130, mia ni za wali, na kwamba kilo moja ya mchele inakutolea sahani tano. Kama kwako ni tofauti, badilisha namba, njia ni ileile. Sahani 100 ni kilo 20 kwa siku, kwa hiyo gunia moja unalimaliza kwa siku tano za kazi, na magunia 20 yatakupeleka siku 100. Kwa wiki ya siku sita hiyo ni karibu miezi minne. Punguzo ni 20,000 kwa gunia, jumla 400,000. Sasa tazama upande wa pili: milioni tatu kwa asilimia tano ni 150,000 kila mwezi, na kwa miezi mitatu ni 450,000. Umeshapoteza 50,000 kabla hujafungua gunia la kwanza, na hapo sijahesabu milioni moja na laki mbili ya ada, ile ya kujazia mkopo ili ufike milioni nne na laki mbili ya mzigo wote, itakayokuwa imelala kwenye magunia.

Shemeji yako si mjinga. Kanuni anayoitumia ni ya kweli kwa mwenye duka la jumla, ambaye magunia 20 anayaondoa kwa siku mbili. Mgahawa una mzunguko wake. Pesa unayompa mdogo wako alfajiri, saa tisa mchana imeshageuka pesa tena, na kesho inarudi sokoni. Laki mbili na nusu hiyohiyo inazunguka mara 26 kwa mwezi, na kila mzunguko unakuachia chochote. Ukiifungia kwenye mchele, haizunguki. Kilo ya mwisho ya mzigo ule itakuwa imekaa stoo siku 99 za kazi ikikusubiri, na wakati huo wote kikoba hakisubiri. Tena ili deni lilipike, ile 46,000 ambayo leo inanunua mchele wa siku itabidi uitenge kila jioni bila kuigusa, miezi mitatu mfululizo. Nimeona watu wengi wakiahidi hivyo. Wiki ya tatu gesi inaisha, mtoto anaumwa, na kibubu kinavunjwa.

Halafu kuna mambo ambayo hayaonekani kwenye bei. Fukusi. Panya. Sakafu inayotoa unyevu msimu huu wa mvua. Na kuna moja ambalo sijaona likiandikwa popote ila kila mwenye mgahawa analijua: mchele ukiwa mwingi stoo, upawa wa mpishi unakuwa mpana. Hakuna anayekusudia kukuharibia, mkono tu unalegea.

Kabla sijauacha mchele, jiulize kwa nini mfanyabiashara huyu ana haraka na mwezi Machi. Mpunga wa huku kwetu, Magu, Sengerema, Shinyanga na Kahama, huanza kuvunwa kwa wingi kuanzia Mei, na Juni na Julai ndipo mchele mpya unajaa na bei kulegea. Mwenye ghala anataka kulisafisha kabla mpya haujaingia. Simlaumu, ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Ila wewe ungekuwa unakula mchele wa 210,000 mwezi Juni, wakati jirani yako huenda ananunua kwa chini ya hapo na hana deni. Ukitaka kweli kununua kwa wingi, subiri Juni au Julai, tumia pesa yako mwenyewe isiyo na kazi nyingine, na chukua wa miezi miwili au mitatu, ambao utakufaa bei itakapopanda kuelekea Desemba. Hapo hesabu inaweza kukubali. Mwezi Machi, kwa mkopo, haikubali.

Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe, tena nikiwa na cheti ukutani. Nilikuwa afisa ugavi katika kiwanda kimoja cha samaki hapa mjini, nikapata bei ya kushangaza ya maboksi ya kufungashia, nikachukua ya karibu mwaka mzima. Bosi alinipongeza. Miezi mitano baadaye mnunuzi wa nje alitaka maandishi mapya kwenye boksi, na yale yangu yaliyobaki, ambayo chini yalishaanza kulainika kwa unyevu, tuliyauza kwa kilo. Tangu siku hiyo mtu akiniambia amepata bei nzuri, namuuliza: ya kukaa siku ngapi?

Jambo la pili kuhusu mchele: acha kulinganisha magunia, linganisha sahani. Mchele wa zamani uliokauka vizuri hunywa maji mengi, unachambuka na kujaza sufuria. Mpya hunywa kidogo na hugandana. Wenye chenga nyingi nao una hesabu yake. Tuseme mchele wa huyo bwana unatoa sahani nne na nusu kwa kilo badala ya tano. Kilo ni 2,100, sahani inakugharimu kama 467. Wa sasa kilo ni 2,300, sahani ni 460. Gunia la bei rahisi limekuwa ghali! Omba kilo moja ya sampuli, ipike kwa sufuria na mpishi walewale, uhesabu sahani. Inachukua saa moja.

Sasa niseme lililonifanya nikuandikie jibu refu. Mchele wako ni 46,000 kwa siku. Unampa mdogo wako 250,000. Yaani mchele haufiki hata moja ya tano ya pesa inayotoka alfajiri, na punguzo lote hili mnalolijadili kifamilia ni 4,000 kwa siku. Zile 204,000 nyingine ni za nini? Mafuta, samaki, nyama, maharage, unga, dagaa, nyanya, vitunguu, mkaa, ndiyo. Lakini kila kimoja ni kiasi gani? Nadhani huwezi kunijibu, na hilo ndilo tatizo lako. Ukiokoa sehemu moja tu ya kumi kwenye kundi hilo lisilo na jina, ni zaidi ya 20,000 kwa siku, mara tano ya punguzo la shemeji, bila kukopa senti.

Pia gawa 250,000 kwa sahani 130. Unapata kama 1,900. Kila sahani ya 3,000, vitu vya sokoni pekee vimekula 1,900, na katika 1,100 inayobaki ndimo mnamogombania wafanyakazi sita, pango, maji, umeme na wewe mwenyewe. Siyo ajabu huoni kitu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni wiki mbili za kuandika tu, bila kubadilisha chochote na bila kumfokea mtu. Daftari moja kubwa, safu tano: tarehe, kitu, kipimo, bei, muuzaji. Baada ya siku 12 za kazi, jumlisha kila kitu peke yake na uvipange kuanzia kinachokula pesa nyingi. Utakuta vitu vinne au vitano vinabeba sehemu kubwa ya pesa yote, na pengine mchele si wa kwanza. Kwenye migahawa ya huku ziwani mara nyingi samaki na mafuta ya kula ndio wakubwa. Hivyo vinne ndivyo vya kupigania bei. Chumvi, pilipili na vijiti vya meno mwachie mdogo wako anunue anavyojua.

Haya, mdogo wako. Inawezekana anakula. Inawezekana pia hali kitu, ila umemweka mahali ambapo hata malaika angeshukiwa. Nauli ya bodaboda toka Buzuruga mpaka sokoni na kurudi na mizigo anaitoa wapi? Chai yake saa kumi na moja alfajiri? Kuli anayembebea tenga la nyanya? Kama humpi, anazitoa kwenye hiyo 250,000, na akishajifunza kutoa 5,000 ya halali kimyakimya, kutoa 5,000 ya cha juu siku ya pili ni rahisi. Mpe nauli na posho wazi, ziandike kama gharama. Kisha tenganisha mikono. Anayenunua asiwe anayepokea. Yeye anunue, mpishi mkuu apokee, apime na aandike kwenye daftari, na wewe ulipe. Kulipa siku hizi si lazima uwepo: wauzaji wengi wa mchele, mafuta na nyama wana lipa namba, unatuma mwenyewe kutoka nyumbani na ujumbe wa simu unabaki kuwa kumbukumbu. Abaki na pesa taslimu kidogo ya mboga na vitu vya mafungu. Mwambie kwamba utaratibu huu unamlinda yeye, na umaanishe hivyo. Kama alikuwa mwaminifu, atashukuru. Kama hakuwa, utaona bei ya vitu fulani inashuka yenyewe ndani ya wiki moja bila mtu kukiri lolote.

Nunua mzani. Ukiuliza ninunue nini kwanza, jibu langu ni hilo, kabla ya friji na kabla ya bango jipya. Gunia linaloitwa la kilo 100 likiwa na 96, bei yako ya kilo siyo 2,300, ni karibu 2,400, na punguzo lote la duniani halikuokoi. Sado nazo ni hadithi ndefu: kopo ni lilelile kwa jina, lakini moja lina kitako kilichobonyezwa ndani na jingine muuzaji analijaza kwa kuweka kiganja. Kwa vitunguu na viazi, lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, inakudanganya kwa upande mwingine, unadhani umepata nyongeza kumbe bei ya kilo haijulikani. Pima kila kinachopimika kinapoingia mlangoni, na hakikisha mzani wako umekaguliwa na Wakala wa Vipimo. Ukimbaini muuzaji anayepunja kila mara, wao ndio wa kuwaeleza.

Kuhusu kwenda mwaloni mwenyewe, naona wanaokushauri wamechanganya samaki wawili. Sato mbichi ni wa kila siku, hana akiba. Kufika mwaloni Kirumba alfajiri, kugombania na wachuuzi, kurudi na kilo 15 kwenye ndoo ya barafu, saa tatu za asubuhi yako zimekwenda na mgahawa hauna mwenyewe. Mchuuzi mwaminifu anayekuletea mlangoni, unampimia kwenye mzani wako na kumrudishia aliyelegea, anastahili faida yake ndogo. Mwache aipate.

Dagaa ni habari nyingine kabisa, na hapa shemeji yako angepata maksi. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza mwanga unawakusanya juu na nyavu zinajaa. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima lina mwanga, taa haivuti kitu, na mitumbwi mingi hupumzika wiki moja au zaidi kidogo kuzunguka mwezi mpevu. Basi bei inapanda na kushuka kila mwezi kwa kalenda ambayo iko juu ya kichwa chako, bure. Nunua giza likiwa limekolea, dagaa wa kukuvusha mbalamwezi na siku chache za ziada. Hapo pesa inalala siku kumi au kumi na tano, si mia, na tofauti ya bei ni ya uhakika zaidi. Hii ndiyo safari ya mwaloni inayolipa, mara moja kwa mwezi. Ila mvua za Machi mpaka Mei zina adha: dagaa walioanikwa mchangani wakanyeshewa hupoteza ule mng'ao wa fedha, huwa na harufu, na huja na mchanga ambao unaulipia kwa bei ya dagaa. Chukua kiganja, wakung'ute kwenye karatasi nyeupe, uone. Ukifika nao nyumbani, waweke juu ya chaga, si sakafuni.

Binamu yako wa Dar yuko sahihi kwa kampuni yake. Bei za watu watatu zilibuniwa kwa mahali ambapo anayenunua hatumii pesa yake, na kazi yake kubwa ni kuacha ushahidi kwamba hakupendelea mtu. Wewe unatumia pesa yako. Kwa friji, jiko kubwa la gesi, meza na viti, tafuta bei tatu, tena kwa maandishi. Kwa nyanya za kesho utajichosha bure. Kwa vile vitu vyako vinne vikubwa kuna njia ya katikati: kila Jumapili jioni piga simu kwa wauzaji wawili, uliza bei, andika kwenye daftari. Mmoja awe muuzaji wako mkuu anayekuuzia mara nyingi, wa pili umuungishe mara mojamoja ili asikusahau. Kumkimbia muuzaji kila akizidi mia mbili kuna gharama yake: siku mzigo umeadimika, anawahudumia kwanza wateja wake wa kudumu, na wewe utakuwa si wa mtu yeyote.

Hapo ndipo penye nguvu yako ya kujadiliana, na hujaitumia. Wewe unanunua gunia moja kila siku tano, mwaka mzima, bila kukosa. Muuzaji wa mchele anakupenda kuliko unavyojua. Usimwombe bei peke yake. Omba akuletee mwenyewe, omba bei isiyobadilika kwa mwezi, omba haki ya kurudisha gunia lenye mawe au lililopungua uzito. Na omba mali kauli ya siku saba au kumi. Magunia mawili kwa mali kauli ya siku kumi maana yake unapika, unauza, ndipo unalipa. Yaani yeye ndiye anayekukopesha mtaji, bila asilimia tano. Ukikubaliwa, lipa siku ileile mliyopatana, hata ikibidi umpigie wewe. Na akikuambia mchele wa ng'ambo ya ziwa ni ghali kwa sababu ya foleni ya kivuko, mkumbushe kwamba daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025.

Mambo mawili siwezi kuyamaliza kwa maandishi. La kwanza ni kodi. Kwa namba zako, mauzo yanazunguka milioni 120 kwa mwaka, na kwa kiwango hicho matumizi yasiyo na risiti yanaweza kukataliwa, ukajikuta unalipa kodi ya faida ambayo hukuipata. Dai risiti ya mashine kwa kila muuzaji anayetakiwa kuitoa, kisha nenda na daftari lako kwa mhasibu au ofisi ya TRA mkae chini kabla ya kufunga mwaka. La pili: kama mbali na kikoba una mikopo mingine, hasa ile ya kausha damu inayokusanywa kila siku, hilo daftari la manunuzi halitakuokoa peke yake. Nenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wana ofisi hapa Mwanza na washauri wa biashara ndogo, uwaonyeshe madeni yote bila kuficha moja. Na ikitokea daftari likaonyesha kwamba mdogo wako amekuwa akichukua pesa nyingi kwa muda mrefu, usilimalize jikoni mbele ya wafanyakazi. Ita mtu mzima wa ukoo mnayemheshimu wote wawili.

Huyo bwana wa magunia usimnyamazie, mjibu wiki hii. Andika hivi: "Nashukuru kwa ofa. Magunia 20 kwa mkupuo siwezi. Naweza kuchukua mawili kila baada ya siku kumi, kwa 215,000, ukiniletea mlangoni, nikayapima, na kulipa siku ya kumi. Naomba kwanza kilo moja nipike." Akikubali, bei hiyo ni bora kuliko aliyokupa, maana haina riba. Akikataa, endelea na gunia lako moja la 230,000 mpaka mpunga mpya uingie. Akiba ya ada iache ilipo.